Bomba la Tatu Kutoka Ukutani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kuchukuliwa kwa watoto wawili wa mnyama wa mwituni
Jina: limehifadhiwa jaladani, mtaani anaitwa Flashi
Umri: miaka 54
Kazi: mpiga picha
Elimu: darasa la sita "na nusu" (maneno ya shahidi mwenyewe)
Makazi: nyumba ya mwisho, barabara ya kiwanda cha zamani cha matofali
Siku na saa ya kuanza: Ijumaa tarehe 7, saa 3:15 asubuhi

Nimeonywa kwamba nitaje yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nami nimekubali.

Jambo la kwanza naomba liandikwe hili: mimi ni mtu mwenye bahati. Sajini ameinua kalamu akanitazama, nikamwambia andika, maana bila hilo kesi yenyewe haieleweki. Wapiga picha wengine wa wanyama hununua gari, hununua hema, hulala porini wiki tatu wakiliwa na mbu, kisha hurudi na picha ya mkia. Mimi wanyama hunifuata nyumbani. Mwaka juzi kenge mwenye urefu wa mlango alikuja kuota jua nyuma ya jiko langu, nikampiga picha nimevaa kandambili. Mwaka jana nyegere, mnyama ambaye hata simba humpisha njia, alipanda ukuta wangu akawa anaramba matofali kama mtoto anavyoramba sahani. Bundi naye alitua kwenye antena ya jirani. Gazeti liliandika kwamba mimi ni mtu anayefuatwa na wanyama, na kile kipande cha gazeti nimekitia kioo, kipo studio, anayetaka kukisoma aje. Nimeishi miji mitatu, nimepanda ndege mara mbili, kwenda na kurudi, na sijaona mtu mwenye bahati kama yangu.

Sajini ameniambia nifuate tarehe. Nafuata.

Nyumba yangu imepakana na kiwanda cha matofali kilichofungwa miaka tisa iliyopita. Kati yetu kuna ukuta unaonifika kifuani. Ng'ambo ya ukuta kuna majani marefu, halafu sakafu ya zege pale ilipokuwa mashine ya kufyatulia matofali, halafu mabomba makubwa matano ya zege ambayo aliyeyaagiza hakuja kuyachukua. Mtu mzima anaingia ndani yake akiinama. Dirisha pekee la nyumba yangu linalotazama huko ni la choo. Kwa hiyo studio yangu ya wanyama ni choo. Nasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, natoa lenzi kati ya nondo mbili, nasubiri. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake, husema yeye ndiye mwanamke pekee duniani anayepanga foleni ya choo nyuma ya mnyama.

Mnamo tarehe 9 mwezi uliopita, saa 12:20 asubuhi, nilimwona mondo. Kwa asiyemjua, mondo ni paka wa mwituni mwenye madoa, miguu mirefu, kichwa kidogo, na masikio makubwa yaliyosimama kama anasikiliza habari za watu. Alikuwa jike. Tarehe 14 niligundua ana watoto wawili, na kwamba amewaweka ndani ya bomba la tatu kutoka ukutani. Tangu siku hiyo nilikuwa chooni kila asubuhi kuanzia saa 12:20 hadi saa 1:30, na nyumba nzima ikajifunza subira.

Huyu mama alikuwa anakwenda kwa saa kama karani wa benki. Saa 12:35 anatoka bombani, anapita kwenye majani kuelekea upande wa sakafu ya zege. Saa 1:10 anarudi kwa watoto. Haongezi dakika wala hapunguzi. Watu waliponiuliza iweje, niliwaambia mnyama akimpenda mpiga picha humpa hata ratiba yake.

Katika siku hizo mke wangu alilalamika kwamba nyuma ya nyumba kunanuka. Nilimwambia ni dawa za kusafishia picha. Akasema, "Dawa za picha uliziacha tangu kamera ziache filamu. Bahati yako inanuka, mume wangu." Tukacheka.

Sasa nimweleze kinyozi.

Kinyozi anaitwa Wembe. Duka lake na studio yangu vinatumia ukuta mmoja, akiwasha mashine ya kunyolea picha zangu zinatetemeka misumarini. Ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake aliugua alipomzaa, mama yangu akamchukua, tukanyonya pamoja, yeye ziwa la kushoto mimi la kulia, na marehemu mama alikuwa akisema yule wa kushoto hakuwahi kubakiza kitu. Tunaitana pacha. Alininyoa siku ya ndoa yangu. Nilipolazwa na homa ya matumbo siku kumi na nane, alikuja wodini na mkasi wake akanipunguza nywele taratibu asiwaamshe wagonjwa, kisha akampunguza na wa kitanda cha pili ambaye hata hamjui. Siyaelezi haya kumtetea. Nayaeleza ili ijulikane ni nani aliyefanya.

Kazi ya picha nilifunzwa na mzee mmoja, marehemu sasa, enzi za chumba cha giza. Alikuwa na sheria moja: picha isiyo na maandishi mgongoni ni mtoto wa kuokotwa. Kila picha tuliyosafisha tuliiandika nyuma kwa penseli tarehe, saa, mahali, na umbali kwa hatua. Ukisahau, kofi la kisogo. Alikufa miaka ishirini iliyopita na bado naandika. Mwandiko wangu ni wa kuku, nakiri, lakini saa na hatua huwa sikosei.

Mnamo tarehe 27 mwezi uliopita nilichapisha picha kumi na mbili za mondo na wanawe, nikampa Wembe azitundike dukani kwake. Alizitundika kwenye kamba juu ya kioo kwa vibanio vya nguo. Mtaa mzima ukaja. Wakaja kunyoa hata wenye upara. Mteja mmoja alisema, "Huyu ni chui mdogo." Fundi baiskeli akamjibu, "Chui gani ana masikio ya punda? Huyu ni paka aliyekosa chakula akarefuka." Wembe akawa anawaambia, "Nyamazeni, huyo pacha wangu ni mtu mwingine. Mnyama akimwona anajipanga mwenyewe, bega hivi, kidevu hivi." Nilikuwa namsikia kupitia ukutani, na nilikuwa nasimamisha kazi ili nisikie vizuri.

Picha ya saba ilizishinda zote. Watoto wawili kwenye mdomo wa bomba, mmoja amemwekea mwenzake mguu kichwani. Mgongoni niliandika hivi, nayakumbuka maneno yote: "Bomba la tatu toka ukutani. Mama katoka 12:35, hurudi 1:10. Watoto peke yao. Hatua 31."

Mnamo tarehe 30, kati ya saa 10 na saa 11 jioni, mtu nisiyemjua alikuja kwa Wembe. Alikuwa na miwani myeusi na viatu visivyo na vumbi hata la dawa. Alipotoka huko aliingia studio kunipa mkono, akasema picha zangu zimemgusa moyo. Akauliza kama watoto wale wanashikika. Nikamwambia, "Bwana, hawa si wa kushika, ni wa kutazama." Alicheka. Akasema ana rafiki anayependa kuwa na vitu adimu ndani ya nyumba. Kisha alirudi dukani kwa Wembe akakaa huko kama nusu saa. Sikusikia walichozungumza kwa sababu mashine ya kunyolea ilikuwa inawaka muda wote. Sasa naamini hapakuwa na mtu aliyekuwa akinyolewa.

Mnamo Jumatatu tarehe 3, saa 11:30 jioni, Wembe alikuja studio akasimama mlangoni.

Akasema, "Pacha, nina shida ndogo."

Nikasema, "Shida zako zote huwa ndogo mpaka nizibebe mimi. Sema."

"Shangazi yangu anatakiwa picha ya kitambulisho, na miguu haimbebi. Uende kesho mapema kabla joto halijaanza. Joto linamzimisha."

"Kesho mapema nina mondo."

"Mondo utamkuta. Shangazi je?"

Nikakubali. Sikumtoza kitu, wala sikuwaza kitu.

Mnamo Jumanne tarehe 4 niliondoka nyumbani saa 11:50 alfajiri. Shangazi yake anakaa upande wa pili wa mji, nikafika saa 12:45. Nilimkuta uani anafagia kwa nguvu ambazo mimi sina. Akaniambia, "Karibu mwanangu. Kuna msiba?" Nikasema, "Hakuna, shangazi. Wembe kasema unataka picha ya kitambulisho." Akasema, "Kitambulisho ninacho. Picha ulinipiga wewe mwenyewe mwaka jana, nimetoka kama mtu aliyekamatwa na vitu vya wizi." Nilimpiga nyingine bure ili kuifidia ile. Alinipa chai. Nilidhani Wembe amechanganya, maana anao shangazi watatu.

Nilirudi nyumbani saa 3:00 asubuhi nikapanda juu ya ndoo. Mama mondo alikuwa nje, na saa hizo hakuwahi kuwa nje. Aliingia bomba la tatu, akatoka. Akaingia la pili, akatoka. Akaingia la nne. Akarudi la tatu. Alikuwa anatoa sauti fupi, nyembamba, halafu anasimama na kugeuza masikio kila upande. Mondo anamsikia panya aliye chini ya ardhi. Alikuwa anaita na kusubiri, anaita na kusubiri. Nilipiga picha moja nikashusha kamera.

Mke wangu alikuwa mlangoni nyuma yangu. Akasema, "Watoto wake hawapo."

Nikasema, "Wamehama."

Akasema, "Mama anayehama na wanawe anarudi kumwita nani?"

Mnamo Jumatano tarehe 5, saa 11:00 jioni, nilikwenda dukani kwa Wembe, kwa kuwa mtu mwenye huzuni huenda kwa ndugu yake. Nikakuta kiti kipya. Chekundu, cha pampu, kinazunguka, kinapanda na kushuka, tena kina mto wa kuegemezea kisogo. Kwa miaka ishirini Wembe alikuwa akiwanyolea watu kwenye kiti cha jikoni ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, na kwa miaka ishirini amekuwa akiniambia habari za kiti cha pampu kama wengine wanavyosimulia habari za peponi. Nilifurahi kwa dhati. Nilimkumbatia. Alisema mimi ndiye niwe wa kwanza kukikalia. Nikakaa. Akanipandisha, akanishusha, akanizungusha mara mbili, nikamwambia taratibu, mimi nina kichwa cha chini, juu hunipa kizunguzungu, ndege zenyewe nilifumba macho. Tulicheka. Kisha nilimsimulia jinsi mama mondo anavyoita. Alikuwa ameshika wembe shingoni mwangu. Alininyoa ndevu zote bila kunikata popote. Niliona mikwaruzo mipya kwenye viganja vyake nikamwuliza. Akasema ni paka wa jirani.

Sajini ameniuliza kama wakati huo nilimshuku. Hapana. Nilimwambia apake spiriti.

Mnamo Alhamisi tarehe 6, saa 1:30 asubuhi, niliruka ukuta nikaenda hadi bomba la tatu. Hatua 31, sikukosea. Ndani nilikuta nyasi zilizolaliwa, na juu yake shuka jeupe la kunyolea, lile ambalo kinyozi humfunga mteja shingoni. Lilikuwa limechanwa pembeni kwa kucha ndogo. Limejaa vinywele vifupi vyeusi na vyeupe, nywele za mtaa mzima, na bila shaka zangu zimo. Nikampelekea mke wangu. Akaligeuza pindo. Yeye ndiye aliyemshonea Wembe mashuka sita, na la sita uzi mweupe ulimwishia, akalimalizia kwa uzi wa buluu. Aliniwekea ule uzi wa buluu kiganjani akasema, "Hili la shemeji." Kisha alikaa kwenye cherehani yake na hakushona.

Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu alikuwa ananifunga hiyo nguo shingoni mwenyewe. Shuka hilo nimelileta kituoni na Sajini amelipokea kama kielelezo.

Siku hiyo hiyo saa 4:10 asubuhi niliingia dukani kwa Wembe. Kwenye kiti chekundu alikuwepo fundi baiskeli, kichwa kimenyolewa nusu. Nilitazama kambani. Picha ya saba ilikuwa imebanwa kinyume, mwandiko wangu umewatazama watu na watoto wametazama ukuta. Nikaweka shuka mezani, juu ya vitana.

Nikasema, "Pacha, umesahau nguo yako."

Akasema, "Nilidhani imepotea kwa dobi."

Nikasema, "Dobi gani anafulia bombani?"

Fundi baiskeli akaanza kujifungua shuka. Wembe akamwambia akae, kichwa hakijaisha. Fundi baiskeli akasema, "Kitaisha kesho," akatoka na nusu yake.

Wembe akazima mashine. Akasema, "Ni paka tu, pacha. Paka wawili."

Nikamwuliza wako wapi. Akasema, "Wewe wanyama wako umewapeleka gazetini, pesa zao umezipeleka benki, umewapeleka kila ukuta wenye msumari. Mimi nimewapeleka mahali pamoja. Nani kawatembeza zaidi?"

Nikasema, "Mimi sikumwambia mtu saa ambayo mama yao hayupo."

Akanyoosha kidole kambani. "Umeiandika," akasema. "Kwa mkono wako. Mpaka hatua umenihesabia."

Alisema na maneno mengine machache ambayo hayahusiani na kesi hii.

Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Kiti umekikalia wa kwanza wewe. Nilitaka iwe hivyo." Sajini ameniuliza kama mtuhumiwa alionyesha majuto. Sijui kama hayo ndiyo majuto. Nimemjua miaka hamsini na nne, na sijui.

Nilifika kituoni saa 5:20 asubuhi. Saa 9:00 alasiri askari wawili na afisa wa wanyamapori walipekua stoo iliyo nyuma ya duka, mimi nikiwepo. Ndani ya boksi la mafuta ya nywele walikuta mtoto mmoja wa mondo, yu hai, mguu wa mbele wa kulia umevimba. Wembe aliwaambia kwamba yule bwana wa miwani alileta kiti, akamchukua mtoto mzima, na huyu akamkataa kwa sababu ya mguu. Akasema alikuwa anampa maziwa kwa pamba na mtoto anayatema. Nilimtambua mtoto huyo. Ni yule aliyewekewa mguu kichwani katika picha ya saba. Yule mwingine sijui yuko nyumba gani, wala gari la yule bwana sikuliona, nasikitika.

Ninapotoa maelezo haya boksi lipo chini ya meza ya Sajini. Mtoto anatoa sauti ile ile ya mama yake, ila ndogo. Sajini amesimamisha kalamu mara mbili.

Afisa wa wanyamapori ni mama mmoja asiyecheka hata kwa mzaha mzuri, na nimemjaribu kwa mizaha mitatu. Ameniambia mguu haukuvunjika. Lakini mtoto hajanyonya tangu Jumanne, na kwa hali hii kesho kutwa haifiki. Akirudishwa kwa mama yake ataishi. Tatizo ni mama. Jana baada ya upekuzi mpaka giza lilipoingia, na leo tangu saa 2:00 asubuhi, askari wake wamezunguka kiwanda kizima hawajamwona. Bomba la tatu ni tupu na amelihama, kwa hiyo yale maandishi yangu ya nyuma ya picha, yaliyomfaa mwizi, yeye hayamfai. Ameniuliza hapa hapa mbele ya Sajini, "Wewe unayefuatwa na wanyama, nitampata wapi na saa ngapi?" Nimemjibu kwamba mimi huwa sijui, ni bahati yangu tu inayomleta. Ameliandika jibu hilo kwenye daftari lake. Amesema basi mtoto atasafirishwa mchana huu kwenda kituo cha kulelea wanyama, safari ya siku nzima, akifika salama sawa.

Ninalo ombi. Wembe yuko mahabusu tangu jana, na kifua chake hakivumilii sakafu ya simenti, tangu utotoni. Apewe blanketi. Sajini amesema ombi hilo si sehemu ya maelezo. Nimeomba liandikwe hivyo hivyo.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapa, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: ______________

Kumbukumbu ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini wa zamu, kuanzia saa 3:15 hadi saa 5:05 asubuhi, nikamsomea shahidi kwa sauti tangu mwanzo. Alipotakiwa kutia sahihi hakutia. Aliomba sentensi yake ya kwanza ifutwe. Nimemweleza kwamba kilichokwisha kuandikwa hakifutwi. Kama ana neno, liongezwe chini.

NYONGEZA YA SHAHIDI, saa 5:12 asubuhi

Nimesomewa maneno yangu kwa sauti ya Sajini, sauti isiyo na mbwembwe, na nimeyaonea haya.

Yale maneno ya Wembe niliyosema hayahusiani na kesi ni haya. Alisema, "Usinifungulie mdomo, pacha. Ndoo yako naijua. Mimi nimewaiba watoto asubuhi moja. Wewe umemhonga mama yao mwezi mzima."

Ndoo anayoisema haikuwa ile ninayosimamia. Ni nyingine, ina kifuniko, ipo chini ya dirisha la choo. Tangu tarehe 6 mwezi uliopita, kila jioni nilikuwa nachukua utumbo, vichwa na miguu kwa mchinja kuku wa sokoni. Nilimwambia nina mbwa. Sina mbwa. Kila asubuhi saa 12:15 niliruka ukuta nikavimwaga kwenye sakafu ya zege, mahali ambapo jua linaangukia vizuri kwa picha. Siku ya tatu mondo alikuja. Ndiyo sababu alihamishia watoto wake mabombani, karibu na watu, mahali ambapo mama mwenye akili timamu asingewaweka. Ndiyo sababu alikuwa na saa. Ile saa haikuwa yake, ilikuwa yangu. Na Jumanne tarehe 4 nilimwaga pia, saa 11:40, kabla sijaenda kwa shangazi, nisije nikamvunjia mazoea. Wembe alipokuwa bombani na shuka, mama alikuwa anakula chakula changu.

Kenge nilimtegea mayai. Nyegere alikuwa anaramba asali niliyoupaka ukuta kwa brashi ya rangi. Bundi peke yake ndiye aliyekuja kwa hiari yake, na picha yake ilitoka na ukungu.

Mama afisa ameniambia kumzoesha mnyama wa mwituni chakula ni kosa, nalo nitalijibu. Gazeti nalo likitaka kuandika tena, liandike. Lakini ninamwomba asimsafirishe mtoto. Tangu Jumanne sijamwaga kitu, na hata hivyo leo saa 12:35, nilipokwenda chooni kama mtu mwingine yeyote, mama alikuwa amekaa katikati ya sakafu ya zege anatazama dirisha. Amekaa mpaka saa 1:10 akaondoka. Askari walianza kumtafuta saa 2:00. Nililijua hilo wakati naulizwa, nikanyamaza, kwa kuwa kulisema ni kusema na mengine yote.

Kesho saa 12:15 boksi liwekwe pale pale, hatua 19 kutoka ukutani, lifunguliwe upande wa majani. Watu wote waingie ndani. Dirisha nitalifunga mimi mwenyewe na kamera itabaki kwa Sajini. Atakuja. Si kwa kunipenda. Nilimfundisha.

Sentensi yangu ya kwanza pale juu ni uongo. Sina bahati na sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa na ndoo ya utumbo wa kuku.

Sahihi ya shahidi: imetiwa, saa 5:31 asubuhi